Hela ya matibabu inaweza kulipa kodi ya nyumba? Kamati imegawanyika

Mweka Hazina Mabatini
Habari za jioni ndugu zangu. Wengi wenu mlimchangia kijana wetu wa miaka 23, fundi aluminiamu, aliyekuwa abiria kwenye bodaboda iliyogongwa na fuso pale Buhongwa, hapa Mwanza. Aliumia uti wa mgongo. Zilipatikana milioni 14 na laki sita. Upasuaji, vyuma, kitanda, vipimo na dawa vimekula milioni 10 na laki tatu. Imebaki 4,300,000. Kijana amerudi nyumbani, miguu bado haina nguvu na mkojo unatoka kwa mpira.

Sasa nyumbani kwao ni kule juu kwenye mawe. Anayeijua Mabatini anajua, njia hakuna, ni kupanda jiwe hadi jiwe. Jumatatu vijana wanne walimteremsha kwenye shuka, kila mmoja kashika pembe, kumpeleka mazoezini. Mmoja akateleza, nusura waporomoke wote na mgonjwa wao. Kitimwendo alichopewa kanisani kiko dukani kwa jirani huku chini barabarani. Hakijawahi kufika kwao hata siku moja.

Mama yake anaomba tumpangie chumba na sebule sehemu tambarare, laki moja na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita. Yaani laki tisa. Nusu ya kamati inasema hela ilichangwa ya matibabu, kodi si matibabu. Mimi naona kodi hii ni dawa kabisa. Nyie mnaonaje?

Ngosha wa Igoma
Upasuaji umefanyika, mchango umefungwa. Tangazo lilisema asaidiwe apate upasuaji, halikusema apangishiwe. Hiyo iliyobaki apewe mgonjwa mwingine, wako wengi wodini hawana hata wa kuwaletea uji. Halafu nilipita hapo Ijumaa nikaona godoro linashushwa kwenye guta, liko ndani ya boksi na mashine yake ya kupulizia. Tuliochanga tunalalia la inchi nne.

Kaka Capri Point
Ngosha, wewe ulichanga shilingi ngapi? Orodha ya kikundi iko wazi, majina na viwango tunaviona sote. Wenye kelele siku zote ni hawa wa elfu mbili mbili. Mtu katoa elfu mbili anataka risiti ya godoro.

Ngosha wa Igoma
Nilitoa elfu hamsini. Rudi kwenye orodha uangalie, namba kumi na saba.

Mama Dagaa Mwaloni
Wa elfu mbili ni mimi. Kaka wa Capri Point, kama ni mkubwa kwangu shikamoo, halafu unisikilize.

Siku ile mnachangisha mvua ilinyesha tangu alfajiri pale Kirumba. Dagaa nilizoanika juzi yake zikalowa zote. Anayefanya kazi hii anajua dagaa zikilowa zinabadilika rangi na zinanuka, mtu wa kula hanunui, unamwachia mwenye kuku kwa bei anayotaka yeye. Nilirudi nyumbani na elfu saba, na watoto wanne wananisubiri. Nikatuma elfu mbili, na ya kutolea nikaweka juu. Yule kijana ndiye alinifungia dirisha la banda langu, akaniambia mama utalipa ukipata. Nilikuwa sijamaliza kumlipa.

Sasa leo nasikia elfu mbili haina mdomo.

Kaka Capri Point
Mama yangu, sikukulenga wewe.

Mama Dagaa Mwaloni
Ulisema "hawa wa elfu mbili mbili". Mimi ndiye hao.

Binti Nyegezi
Kaka kakosea, aombe radhi. Niliangalia orodha usiku huu, watu 212 wametoa chini ya elfu kumi. Ukiwaondoa hao, hela hii tunayobishania leo isingefika hapa ilipo.

Mzee wa Kisesa
Haya mambo ya viwango tumeyaleta wenyewe na michango ya harusi. Kadi ya mtu mmoja bei hii, ya wawili bei ile, asiyefikisha hapewi kadi. Tumezoea kumpima mtu kwa kiwango chake, tukifika kwa mgonjwa tunapima vilevile. Zamani huku kwetu mtu akiuguliwa mwenye ng'ombe alileta maziwa, asiye na ng'ombe alikuja kulala na mgonjwa usiku. Na huyo aliyelala ndiye alikuwa na la kusema, maana alijua mgonjwa amekulaje na amelalaje.

Kaka Capri Point
Mzee wangu nakuheshimu, ila kulala na mgonjwa hakulipi vyuma vya mgongo. Mimi nimetoa laki tatu, wala sijauliza godoro la mtu. Ndiyo hoja yangu. Ukishatoa, umetoa.

Mhaya wa Pasiansi
Ukishatoa umetoa? Kaka, sisi wa Kagera hilo halituingii. Septemba 2016 tetemeko limetupiga, nchi nzima ikachanga. Watu wakitegemea nyumba zao zilizoanguka zitasimama kwa hela ile. Baadaye tukaambiwa serikali haitawajengea watu nyumba, fedha ni ya miundombinu ya umma. Shangazi yangu alilala kwenye turubai mpaka mvua za mwaka uliofuata. Mchangaji ana haki ya kuuliza hela imekwenda wapi, awe katoa mia au milioni.

Ngosha wa Igoma
Umeona? Ndicho nilichosema.

Mhaya wa Pasiansi
Hapana, hukusema hicho. Wewe unataka hela itolewe kwa mgonjwa ipelekwe kwingine. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa shangazi yangu.

Dada wa Fizio
Samahanini, naingilia. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo na hilo godoro niliandika mimi linunuliwe. Tafadhali msomeni huyu kijana kabla ya kusoma orodha.

Mtu asiyehisi kuanzia kiunoni hajui amelalia nini. Wewe ukilala vibaya unageuka bila hata kuamka. Yeye hageuki. Damu inazuiwa pale mfupa unapokandamiza ngozi, kwenye makalio, kisigino, mwisho wa mgongo, na ngozi inaanza kufa. Inaanza doa jekundu, ukilibonyeza halipotei. Ukichelewa linakuwa shimo, ukizidi kuchelewa unaona mfupa, na wapo wanaokufa kwa hicho kidonda baada ya upasuaji uliofanikiwa kabisa. Kwa hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mama yake anaamka saa sita, saa nane, saa kumi, kila siku. Godoro la hewa lina mifuko inayojaa na kupungua kwa zamu ili asikandamizwe sehemu moja. Kugeuzwa kunabaki palepale, lakini linasaidia.

Kisigino cha kushoto kina doa tayari. Nimelibonyeza kwa kidole changu Jumatatu hiyo aliyoisema mweka hazina.

Na miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kumsimamia. Nikimwona mara moja kwa wiki kwa sababu vijana wa kumbeba hawakupatikana, mikono itakosa nguvu ya kujihamisha na magoti yatakaza. Sehemu tambarare angejisukuma mwenyewe.

Ngosha wa Igoma
Sikujua kuhusu kisigino. Lakini dada, mngetuambia. Mtu anaona boksi linashuka, hana taarifa, atafikiri nini?

Dada wa Fizio
Angemuuliza mama. Mlango uko wazi.

Ngosha wa Igoma
Kuupandia huo mlango ni nusu saa.

Dada wa Fizio
Ndiyo. Kwa miguu mizima.

Mjomba Trafiki Mstaafu
Nauliza jambo moja tangu juu na hakuna anayelisema. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ilichukuliwa? Ile fuso ilikuwa na bima? Hata bima ndogo ipo kwa ajili ya mtu wa tatu anayeumizwa na gari, na kijana alikuwa kwenye pikipiki, chombo kingine kabisa. Mnachangishana elfu mbili za wauza dagaa wakati kuna mwenye wajibu wa kulipa.

Mweka Hazina Mabatini
Mjomba, PF3 ipo kwenye faili. Bima haijafuatiliwa. Tulikimbilia upasuaji kwanza.

Mjomba Trafiki Mstaafu
Mlifanya sawa. Sasa fuateni taarifa ya polisi ya ajali, muone namba ya bima ya gari. Nitakwenda nanyi mwenyewe, Jumanne asubuhi.

Binti Nyegezi
Na bima ya afya je? Si kulikuwa na ile ya elfu thelathini kwa kaya?

Mweka Hazina Mabatini
CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, walikuwa nayo, kaya ya watu sita. Iliishia hospitali ya mkoa, hospitali ya kanda alikopasuliwa haikufika. Na kwenye msamaha wa kulipia matibabu napo: mtoto chini ya miaka mitano yumo, mzee wa 60 asiye na uwezo yumo. Wa miaka 23 anaulizwa tu, kazi unafanya? Alikuwa anafanya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023, tumeisikia, lakini kisigino hakisubiri.

Kaka Capri Point
Tumetoka mbali na swali. Kodi ilipwe, ni hayo tu. Wanaopinga wataje sababu isiyo godoro.

Ngosha wa Igoma
Sababu yangu ni hii, na usiniite mchoyo. Miezi sita ikiisha nani analipa mingine? Kamati itakuwa imelala. Mama huyo atafukuzwa na mwenye nyumba akiwa na mgonjwa mgongoni, na chumba cha kule juu atakuwa kashampa mtu mwingine.

Mzee wa Kisesa
Hapo umesema la maana, kijana wangu.

Kaka Capri Point
Kwa hiyo kwa kuwa hatujui mwezi wa saba, aozee juu ya mawe mwezi wa kwanza?

Mama Dagaa Mwaloni
Bado hujaniomba radhi, na umeshahamia kwa mwenzangu.

Binti Nyegezi
Dada wa fizio, hilo godoro linatumia umeme muda wote?

Dada wa Fizio
Pampu inawaka saa ishirini na nne. Umeme ukikatika au luku ikiisha usiku hewa inapungua, analala juu ya mbao. Wiki iliyopita iliisha mara mbili.

Kaka Capri Point
Mweka hazina nitumie namba ya mita pembeni, luku ya mwezi huu naweka mimi. Risiti sihitaji.

Mama Dagaa Mwaloni
Mimi risiti nahitaji. Ya godoro, na ya kodi mkilipa, ibandikwe hapa tuione wote. Elfu mbili ya mwezi huu nimeshatuma saa hizi, mweka hazina angalia simu.