Naombeni ushauri: mume kapata kazi North Dakota, tuhame na watoto au tubaki Dallas?

MamaNeema_Moro
Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa na wasiwasi kweli, naombeni msinipite.

Tuko Dallas mwaka wa saba sasa, mimi, mume wangu na watoto watatu (miaka 11, 8 na 4). Mume ni fundi wa mashine kubwa. Mwezi uliopita kapata kazi Jamestown, North Dakota, ya kutengeneza matrekta na kombaini. Mshahara mzuri, na kwa kodi tunayolipa hapa kwa vyumba viwili, kule tunapata nyumba nzima yenye uwanja. Nikafungua ramani. Mji una watu kama 16,000. Jimbo zima halifiki watu 800,000, yaani Temeke peke yake inalizidi.

Rafiki zangu wananiambia naenda kuzikwa kwenye theluji. Lakini kinachonikosesha usingizi si baridi. Mimi nimekulia nyumba yenye uwanja wa pamoja, ukiugua unaita tu, mtu anatokea. Hapa Dallas niko ghorofa ya tatu na sijui hata jina la anayekaa mlango wa mbele yangu. Sasa kama kwenye watu mamilioni niko hivi, kule penye watu wa kuhesabu itakuwaje?

Naomba majibu ya wanaoishi huko, si waliosikia. Mnapapendea nini? Na mabaya msinifiche.

Dereva_I94
Dada, karibu. Mimi ni wa Singida, naishi Bismarck mwaka wa tisa, naendesha lori la nafaka. Jamestown naipita kila wiki, iko katikati ya Fargo na Bismarck, kama kilomita 160 kila upande.

Umeuliza tunapapendea nini. Mimi nakujibu alizeti. Kwetu alizeti ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Mwaka wangu wa kwanza huku, mwezi wa nane, nikatokea kwenye shamba lililochanua lote, mwisho wake siuoni. Nikaegesha lori, nikashuka. Vichwa vyote vimeelekea mashariki, na kimya kile kina sauti moja tu, ya nyuki. (Jimbo hili kwa miaka mingi limeongoza Marekani kwa asali, watu wengi hawajui.) Nikampigia mama Iramba kwa video, nikageuza simu aone. Akaniuliza, "Umerudi lini?"

Halafu anga. Hakuna mlima, hakuna ghorofa. Mvua unaiona ikinyesha mahali wewe ukiwa juani, na baada ya nusu saa ndiyo inakufikia. Kuna usiku nilisimama kituo cha mafuta, anga la kaskazini likawa kijani, linacheza kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo (wenyewe wanaita northern lights). Watu wazima wote tulitoka nje tukanyamaza.

Mabaya: baridi ni ya kweli. Utaona magari yana waya wenye plagi unaning'inia mbele. Ule ni wa kupasha injini moto. Usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri unachomeka gari kwenye umeme kama unavyochaji simu, la sivyo asubuhi oili imekuwa uji mzito na gari haliwaki. Kwenye buti la gari weka koleo, mablanketi, mishumaa, kiberiti na chakula kuanzia mwezi wa kumi. Na theluji siyo tatizo kubwa, tatizo ni upepo, kwa sababu hakuna mti wa kuuzuia. Unapeperusha theluji mpaka huoni mkono wako. Serikali ikiifunga I-94, barabara kuu ya huku, imefungwa, usijifanye unajua. Ukikwama, usitoke kwenye gari kwenda kutafuta nyumba kwa miguu, na uhakikishe theluji haijaziba bomba la moshi.

Nesi_wa_Minot
Mama Neema, mimi ni Mkenya, nauguza huku Minot. Swali lako la majirani limenigusa, wacha nikujibu hilo tu.

Nilijifungua Januari. Mzee wangu alikuwa amesafiri kikazi. Siku ya pili nikiwa nyumbani na mtoto mchanga, theluji ilimwagika usiku kucha, na asubuhi nikasikia mashine inanguruma nje. Nikachungulia dirishani. Ni yule mzee wa nyumba ya kushoto, anasafisha theluji kuanzia mlangoni mwangu mpaka barabarani. Alikuwa hajawahi kuniambia zaidi ya "habari". Nikafungua mlango nimkaribishe chai, akapunga mkono akaenda zake. Jioni mkewe akaleta bakuli la viazi na nyama vilivyookwa pamoja, wenyewe wanaita hotdish, akasema bakuli nirudishe nikipata nafasi. Huu ni mwaka wa nne, na theluji ile bado anaisafisha.

Sasa elewa kitu kimoja, maana kilinichukua muda. Wengi huku ni wajukuu wa Wanorwei na Wajerumani, si watu wa maneno mengi. Watakusaidia kabla hawajakuzoea. Sisi tumezoea kinyume chake, kwanza tupige stori, tujuane, ndipo tusaidiane. Kwa hiyo usikae ndani ukisubiri mtu aje kukusalimia ukadhani wanakuchukia. Lile bakuli likija, lirudishe na chapati. Mimi nilianzia hapo.

Nimeondoka_2021
Na mimi niseme, kwa sababu dada ameomba asifichwe. Nilikaa miaka miwili mji mdogo upande wa magharibi, kwenye visima vya mafuta. Nilikuwa na miaka 26, sina mke wala ndugu. Pesa nilipata. Lakini Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, unatoka kazini giza, unaingia kazini giza, na wiki nzima hujasikia mtu akitamka jina lako sawasawa. Jino liliponiuma nilisubiri wiki tatu, na daktari mwenyewe ni mwendo wa saa mbili. Watu wa kule ni wema, sina kinyongo nao. Ila mimi nilikuwa napungua.

Wewe una mume na watoto, ni hesabu nyingine. Ila mkifika, usikubali awe yeye tu mwenye gari na wewe ukabaki ndani. Hilo lisuluhisheni kabla ya kuhama.

Mzee_Basotu
Binti yangu, hao wamesema vizuri. Mimi ujana wangu nilifanya kazi Hanang, kwenye mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yale yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Nilipofika North Dakota kumtembelea mwanangu, nikashuka kwenye gari nikasema hapa napajua. Upepo uleule, ngano ileile, na ule mstari ulionyooka pale ardhi inapokutana na mbingu. Nilikuja kwa miezi mitatu, sasa ni mwaka wa sita.

Ninachowapendea wakulima hawa ni kwamba waliwahi kushikamana. Walichoka kupangiwa bei na wafanyabiashara wa Minneapolis, wakachukua serikali kwa kura, na mwaka 1919 jimbo likaanzisha benki yake lenyewe, kisha kinu cha kusaga ngano Grand Forks mwaka 1922. Vyote viwili viko mpaka leo, mali ya umma. Na mtu akiugua wakati wa mavuno, majirani wanakuja na kombaini zao, wanamvunia shamba lote, jioni wanakula pamoja, wanaondoka.

Lakini wafundishe watoto wako kwamba mbuga ile haikuwa tupu, kama Basotu haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakichunga pale kabla ya trekta la kwanza. Huku wenyeji wa asili ni Wadakota na Walakota na wengine, nao wapo, hawajaisha. Jamestown kuna sanamu ya nyati ya saruji, karibu mita 8 kwenda juu, ya mwaka 1959. Watoto wataipenda. Wakishaitazama, wapeleke Bismarck mwezi Septemba kwenye ngoma kubwa ya wenyeji hao. Mimi huenda kila mwaka, nikisikia zile ngoma machozi hunitoka.

MamaUvira_Fargo
Mama Neema, miye ni Mukongomani wa Uvira, niko Fargo na watoto watano. Unga wa ugali, dagaa, mawese, vyote utapata huku Fargo kwenye maduka ya Waafrika. Sisi tunajaza gari mara moja kwa mwezi, nawe utafanya hivyo.

Lengalenga (mchicha) panda mwenyewe. Tia mbegu mwisho wa mwezi wa tano, baridi ya asubuhi ikishakwisha. Jua la huku mwezi wa sita ni refu, saa tatu usiku bado linawaka, mboga inaota mpaka unashangaa. Natokosa kidogo, natia kwenye mifuko, nagandisha, nakula mpaka Machi. Na saa hizo za jua watoto wako nje kwa baiskeli, siwaoni na siogopi. Hicho ndicho nakipenda. Miye nilitoka mahali ambapo mtoto akichelewa dakika kumi, moyo unasimama.

MamaNeema_Moro
Nimewasomea wote kwa sauti, mume kakaa kimya tu anasikiliza. Ya Nimeondoka_2021 tumeirudia mara mbili. Tumekubaliana gari la pili linanunuliwa kabla ya kitu kingine chochote, na niendeshe kwenye theluji mwenyewe na mtu wa kunifundisha.

Tumeamua pia twende kwanza kuangalia. Yeye anataka Juni, mimi nasema Januari.

Dereva_I94
Januari, dada. Uko sahihi. Ukiipenda Januari, Juni haina shida.

MamaUvira_Fargo
Njoo Januari, shukia Fargo, miye na baba watoto tutawapokea. Mabuti usinunue Dallas, ya huko hayafai. Nina ya watoto wangu yaliyowabana. Nitumie namba za miguu ya watatu wote, na ya kwako.

MamaNeema_Moro
Neema 5, Baraka 2, huyu mdogo 10 ya watoto. Mimi 8. Mungu akubariki, mama.