Maisha ya mtaani Tokyo yakoje kwa mgeni?

Mama Zuhura: Wakuu, mwezi wa 4 naenda Tokyo kumtembelea mdogo wangu. Mahekalu na minara nitaviona tu. Nataka kujua mtaani kukoje.

Kibaharia: Dada, nimerudi juzi. Kilichonigusa ni treni. Pale kituo cha Shinjuku inajaa pomoni, lakini hakuna anayeongea na simu. Watoto wa darasa la kwanza wanapanda peke yao, kofia za njano kichwani, mabegi magumu mgongoni! Niliwatazama mpaka wakashuka. Chukua kadi ya Suica: unaigusisha getini, na madukani unalipia hiyo hiyo.

Mama Zuhura: Na chakula?

Kibaharia: Maduka ya saa 24 yamejaa kila mtaa. Onigiri, wali uliofungwa kwa mwani, inashibisha. Kama huli nguruwe, uliza hata kwenye supu ya tambi. Na beba mfuko wa taka zako. Mapipa ni adimu, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995.

Mpita Njia: Naongezea. Bakshishi hawana desturi nayo, mhudumu anaweza kukukimbilia mlangoni akurudishie. Kwenye ngazi za umeme simama kushoto. Ukienda Osaka, kulia. Treni za mwisho ni karibu saa 6 usiku, usijisahau.