Mti wa fraktali: digrii 90 unatoka safi, digrii 30 matawi yanapandana. Nakosea wapi?

Kijana_wa_Mikoma: Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, nimekwama siku ya tatu sasa. Nachora mti wa fraktali, yaani ule ambao kila tawi linarudia umbo la mti mzima kwa udogo, kwa kutumia kobe wa Python (kalamu ya kwenye skrini inayofuata amri za programu). Shina ni pikseli 100, kila tawi linazaa mawili, kulia na kushoto, na kila mtoto ni 0.7 ya mzazi wake. Vizazi 10. Nikiweka pembe ya 90 matawi hayagusani kabisa. Nikishusha hadi 30, katikati panakuwa kama kiota cha kunguru, na uwiano sijaugusa! Nataka mkoma, ule wa jamii ya mitende wenye shina linalogawanyika, kwa ajili ya mchezo wa simu ninaoutengeneza, na ule wa 90 haufanani nao hata kidogo.

fundi_pikseli: Hiyo 30 ni ya kila upande kutoka mstari wa shina, au ni kati ya tawi na tawi? Na kobe unamrudisha alikotoka, na uso ukiwa ulivyokuwa?

Kijana_wa_Mikoma: Kila upande, mkuu. Na kobe anarudi vizuri.

Mwl_Hesabu: Basi programu yako ni nzima, mdogo wangu. Fuata tawi moja kwa kalamu. Kwa pembe ya 30, tawi la kwanza la kulia lina pikseli 70, linakupeleka kando nusu yake, yaani 35. Kata kushoto: la pili linapanda wima, kando haliendi. Kata kushoto tena: la tatu linakurudisha 17. Kushoto tena: la nne limeshalala digrii 60, linarudisha kama 21. Toa 17 na 21 kwenye 35. Umevuka mstari wa katikati, na mwenzake wa kushoto naye amevuka kuja kwako.

Kwa 90, tawi la kwanza linakwenda kando pikseli 70 zote, na hatua zote za kurudi katikati ukizijumlisha, hata matawi yakiendelea bila kikomo, hazifiki 68. Ndiyo maana hawakutani.

Kwa hiyo pembe ndiyo inayopanga uwiano uende hadi wapi kabla ncha hazijagusana. Wanahisabati Mandelbrot na Frame walichapisha uchambuzi wa miti hii mwaka 1999. Kwa 30 mpaka ni kama 0.55, kwa 45 ni 0.593, kwa 60 ni 0.618, ambao ni 1 gawa kwa uwiano wa dhahabu, 1.618 (mimi huu hunifurahisha kila mara), na kwa 90 ni 0.707, ambapo ncha zinajaza mstatili mzima.

fundi_pikseli: Lakini 0.55 itampa mti mfupi, umedumaa. Mkoma wenyewe haugawanyiki mara 10. Baki na 30 na 0.7, ishia kizazi cha tatu, hapo hakuna aliyevuka. Unapata ncha 8, kila ncha uibandike kichala cha majani yenye umbo la upepeo.

Kijana_wa_Mikoma: Nimejaribu sasa hivi. Kizazi cha tatu, pembe 30. Aisee, ni mkoma kabisa! Asanteni sana. Ila vichala viwili vya katikati vinasongana kidogo, kesho nitajaribu 35.

Mwl_Hesabu: Jaribu. Kwanza fanya hesabu ya tawi la tatu kwa kalamu, ndipo umwite kobe.