Ripoti ya bibi aliyeanguka imebadilishwa kwenye mfumo, nifanyeje? (Minnesota)

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti) wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huku Minnesota. Juzi saa 9 usiku nimemkuta bibi mmoja sakafuni, jicho la kushoto limevimba. Bibi huyu hasimami kabisa, tunamhamisha watu wawili kwa mashine ya kunyanyulia. Mpango wake wa huduma unasema kitanda kishushwe mpaka mwisho na godoro jembamba liwekwe pembeni. Nimekuta kitanda kiko usawa wa kiuno changu, godoro limeegeshwa nyuma ya mlango.

Nikamwita nesi, nikaandika yote kwenye tableti. Jana narudi, ripoti inasema "mkazi aliteleza akienda chooni". Atelezaje mtu asiyesimama? Maelezo yangu siyaoni, na msimamizi anasema mfumo ulikata. Nataka kulipiga picha lile jicho kwa simu yangu niwe na ushahidi. Usingizi sipati.

MtuWaUsiku: Dada yangu, simu irudishe mfukoni. Picha ya mkazi kwenye simu binafsi ni kuvunja siri ya mgonjwa, na kesi itageuka iwe yako. Ingia kwa akaunti yako, andika upya, useme wazi kuwa umeandika kwa kuchelewa na tukio ulilikuta saa ngapi. Taja kitanda na godoro kama ulivyovikuta. Nani alizembea, usiguse. Mifumo hii hutunza nani alibadilisha nini na saa ngapi, hata kama wewe huoni.

Kijana wa Duluth: Ongea na nesi wa usiku ule. Mtu akianguka bila kuonwa, nesi humpima fahamu na mboni za macho mara kwa mara na kuandika. Maandishi hayo yapo.

Mama Wawili: Pole mwanangu. Lakini nesi asikucheleweshe. Kwa sheria ya hapa CNA analazimika kuripoti, na mwisho ni saa 24, kwa hiyo fanya leo hii. MAARC, kituo cha Minnesota cha kupokea ripoti za unyanyasaji wa watu wazima, wanapokea usiku na mchana, kwa simu au kwenye tovuti yao. Jina la aliyeripoti ni siri. Wakikufukuza ndani ya siku 90 baada ya kuripoti kwa nia njema, sheria inachukulia kuwa ni kisasi mpaka wao wathibitishe vinginevyo.

Na binti wa huyo bibi akiuliza kuhusu kamera, tangu 1 Januari 2020 mkazi au mwakilishi wake anaruhusiwa kuiweka chumbani. Wewe usiiweke.

Mwenye uzi: Asante mama, asanteni wote. Nimejaza fomu ndani ya gari, bado nimevaa sare, mikono ikitetemeka. Tarehe na saa nimeandika kwenye daftari. Leo naingia saa 5 usiku, na chumba cha kwanza ni chake.