Mjadala: Dubu wa North Sydney wakienda Perth, wazee wao wanarudishiwa klabu au jina tu?

Mleta mada:

Kwa miaka kadhaa sasa nafanya kazi ya kutunza wazee upande wa kaskazini wa jiji la Sydney, na ni katika kazi hiyo, wala si uwanjani, nilikojifunza raga ligi, ile raga ya wachezaji 13 ambayo kwa wengi wetu ni ngeni kuliko ya 15 au ile ya wachezaji saba wanayoishabikia Nairobi. Wapo wazee ninaowahudumia ambao jina la mjukuu huweza kuwapotea asubuhi, lakini ukiwatajia klabu ya North Sydney watakupangia kikosi cha msimu wowote wa ujana wao kabla chai haijapoa. Naileta mada hii kwa sababu yao, ingawa hawakunituma.

Mei 2025 wasimamizi wa ligi kuu ya Australia, NRL, walitangaza kwamba timu ya 18 itaingia ligini mwaka 2027, kwamba makao yake yatakuwa Perth, na kwamba itaitwa Perth Bears, yaani Dubu wa Perth, ikirithi jina la dubu pamoja na rangi nyekundu na nyeusi za North Sydney. Uongozi wa North Sydney wenyewe uliunga mkono mpango huo. Kati ya Sydney na Perth pana zaidi ya kilomita 3,000, safari ya takribani saa tano kwa ndege. Swali langu ni hili: je, huku ni kurudi kwa klabu, kama inavyotangazwa, au ni timu mpya ya mji mwingine iliyopewa jina la marehemu?

Kwa asiyejua historia, North Sydney ni miongoni mwa klabu zilizoanzisha ligi ya Sydney mwaka 1908. Ilitwaa ubingwa mara mbili tu, mwaka 1921 na 1922. Fainali yake ya mwisho ilikuwa ya 1943, ambapo Newtown waliichapa 34 kwa 7. Mtoto aliyeitazama mechi hiyo akiwa na miaka kumi atakuwa na miaka 94 timu ya Perth itakapoingia uwanjani. Katika miaka ya 1990, enzi za wachezaji akina Greg Florimo na Billy Moore, ilifika hatua moja kabla ya fainali mwaka 1991, 1994, 1996 na 1997, na mara zote nne ikaishia hapo. Kisha yakaja matokeo ya vita vya matajiri wa televisheni vilivyoigawa ligi mwaka 1997. Ligi iliyounganishwa upya mwaka 1998 ilikuwa na timu 20, na uamuzi ukapitishwa kwamba kufikia mwaka 2000 zibaki 14. Mwisho wa msimu wa 1999 North Sydney, ikiwa imeelemewa na madeni, ililazimika kuungana na Manly kwa jina la Northern Eagles.

Hapo naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kidonda. Manly walikuwa majirani waliochukiwa kuliko wote. Walipoingia ligini mwaka 1947 walimega eneo ambalo lilikuwa likiwapa North Sydney wachezaji, na kwa zaidi ya nusu karne mzee wa North Sydney alimfundisha mwanawe kuzomea Manly hata kabla hajamfundisha kushangilia timu yake. Kumwambia mtu huyo, akiwa na miaka sitini au sabini, kwamba kuanzia msimu ujao ashangilie timu ambayo nusu yake ni Manly, ni jambo ambalo sijui aliyeliamua alilifikiriaje. Muungano ule haukufika mbali. Baada ya msimu wa 2002 leseni ilibaki kwa Manly, nao wakarudi kwa jina lao, huku North Sydney wakibaki na timu ya daraja la chini inayocheza hadi leo katika uwanja wa North Sydney Oval.

Wazee hawa, basi, wamekaa miaka 27 bila timu ya ligi kuu. Kilichowashikilia si makombe, kwa maana ni shida kumpata aliye hai anayekumbuka kombe lolote. Kilichowashikilia ni Jumamosi kwenye uwanja uleule, jukwaa lililopewa jina la Duncan Thompson, nahodha wa miaka ile miwili ya ubingwa, mtini mkubwa ulio nyuma ya kilima cha nyasi, na Jukwaa la Bob, lililoitwa hivyo kwa sababu kiingilio chake kilikuwa bob moja, yaani shilingi, kama wanavyosema Kenya mpaka sasa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kupakiwa ndegeni. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba huku si kurudi, na kwamba ni afadhali ligi iseme wazi kuwa Perth wamepata timu mpya iliyoazima jina, kuliko kuwaambia watu wa miaka themanini kwamba subira yao imelipwa. Nikikosea, nirekebisheni.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa heshima, lakini naona umejenga nyumba juu ya mchanga. Umelilinda jina la dubu kana kwamba lilishuka pamoja na mvua ya 1908. Jina hilo lilitokana na duka kubwa la vyakula la Big Bear, lililokuwa katika mtaa wa Neutral Bay na likawa mfadhili wa klabu. Kabla ya hapo waliitwa kwa majina mengine. Ni tangazo la biashara lililogeuka kuwa urithi kwa sababu watu walilipenda, nami sioni kwa nini watu wa Perth wasiruhusiwe kulipenda vilevile. Hata Jukwaa la Bob ulilolitaja halikuzaliwa North Sydney Oval. Lilijengwa katika Uwanja wa Kriketi wa Sydney, likabomolewa na kuletwa hapo miaka ya 1980. Jukwaa zima lilihamishwa, na leo wewe unalitaja kama ushahidi wa vitu visivyohamishika.

Pia umeruka jambo ambalo wazee wako wanalijua vizuri: kabla ya kuunganishwa na Manly, klabu yenyewe ilikuwa imeshaamua kuhama. Mpango ulikuwa kwenda Gosford, zaidi ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini, na kama ujenzi wa uwanja usingecheleweshwa na mvua na fedha zisingekwisha, North Sydney Oval ingebaki bila timu ya ligi kuu hata hivyo. Kuhama, basi, si jambo ambalo Perth wamewaletea. Tofauti ni umbali tu.

Na kuhusu hoja kwamba huku si kurudi na kwamba wazee wasiambiwe subira yao imelipwa, nauliza: ni mzee gani kakwambia hivyo? Wewe mwenyewe umesema hawakukutuma. Mzee wa miaka 85 hana muda wa kusubiri mpango bora zaidi wa mwaka 2040. Akiona jezi nyekundu na nyeusi kwenye televisheni ya ukumbi mwaka 2027, huenda akaifurahia bila kutuomba ruhusa mimi na wewe.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naishi Perth, katika mtaa wenye familia nyingi za Warundi na Wakongo, na nilicheka kidogo niliposoma mjadala huu, kwa sababu mnazungumza kana kwamba huku hakuna wazee. Perth tulikuwa na timu yetu, Western Reds, iliyoingia ligini mwaka 1995 na kuvunjwa mwisho wa 1997, katika mapatano yaleyale ya kuiunganisha ligi upya yaliyowaumiza North Sydney. Jirani yangu, mstaafu, bado anahifadhi tiketi za msimu wa kwanza. Yeye alinyang'anywa timu mapema kuliko wa North Sydney, baada ya misimu mitatu tu, na hakuachiwa hata timu ya daraja la chini ya kwenda kuitazama.

Huyo naye atapata timu mwaka 2027, ila atalazimika kushangilia nembo ya watu wa Sydney badala ya ile iliyozikwa hapa. Nilipomuuliza kama inamuudhi, alisema angependa Reds, lakini atanunua tiketi. Kwa hiyo, mleta mada, ukisema jina limeibwa Sydney, kumbuka kwamba upande wa huku wapo wanaoona wamevishwa koti la mtu mwingine. Serikali ya jimbo imeweka fedha za umma katika jambo hili, na walipa kodi wa Perth wana haki ya kuuliza kwa nini historia inayosherehekewa siyo yao.

Mchangiaji wa tatu:

Nakubaliana na mleta mada, ila kwa sababu tofauti na zake. Tatizo si umbali wala jina, bali ni nani mwenye neno la mwisho. Mwaka 1999 klabu ya South Sydney, iliyoanzishwa 1908 sawa na North Sydney, iliambiwa haina nafasi katika zile timu 14. Haikukubali. Mashabiki wake, wengi wao wazee wa kitongoji cha Redfern na vitongoji jirani, waliandamana kwa makumi ya maelfu katikati ya jiji, wakachangishana, wakaenda mahakamani chini ya mwenyekiti wao George Piggins, na baada ya kukosekana misimu miwili klabu ikarejea ligini mwaka 2002. Mwaka 2014 ilitwaa ubingwa, wa kwanza tangu 1971. Kuna waliosubiri miaka 43 wakauona, katika jiji lilelile na kwa jezi ileile. Huko ndiko kurudi.

Mchangiaji wa kwanza atasema kwamba North Sydney walikuwa na madeni, na ni kweli. Lakini hebu tuwatazame Newtown, waliokuwa klabu kongwe kuliko zote Sydney. Walitolewa ligi kuu baada ya msimu wa 1983, na hadi leo wanacheza daraja la chini katika Henson Park, Marrickville, vijana wakiwa wamekaa nyasini pamoja na wazee. Hawajauzwa kokote. Mtu anaweza kusema wamekwama, mimi nasema wamebaki kuwa klabu. Hata North Sydney walikuwa na njia hiyo, na bado wanayo, kwa kuwa timu yao ya daraja la chini haijafa. Ninachohofia ni kwamba, Perth ikishaanza kung'ara, fedha na macho yote yataelekea huko, na mechi ya Jumamosi chini ya ule mtini itaonekana mzigo.

Mleta mada:

Nawashukuru wote, na kwa mchangiaji wa kwanza nakiri kwamba habari za duka la Big Bear nilizijua nikaziacha kwa sababu zilinisumbua. Ila jina kuanzia dukani hakulifanyi liwe mali ya duka milele. Hata Waswahili humpa mtoto jina kwa sababu ya tukio dogo la siku aliyozaliwa, na akishalibeba miaka themanini hakuna anayeuliza tena lilitoka wapi. Kuhusu Gosford umenishinda nusu. Kuhama saa moja kwa gari ni kuhama ambako mzee anaweza kupelekwa na mwanawe akarudi jioni, lakini kweli, kanuni niliyoisimamia iliishavunjwa na klabu yenyewe.

Ndugu wa Perth umenifungua macho kuliko wote. Sikuwa nimewafikiria wazee wa Reds hata kidogo, na sasa sioni tena kwamba kuna upande mmoja ulioibiwa.

Kwa hiyo naupunguza msimamo wangu. Sipingi tena timu ya Perth kutumia jina. Ninachotaka ni kwamba mechi za msimu, zile za pointi, zichezwe North Sydney Oval kila mwaka, na jambo hilo liwe sharti la leseni, lisiwe hisani ya meneja wa masoko anayeweza kubadilishwa baada ya miaka miwili. Na ulinzi uleule upewe ile timu ya daraja la chini, kama alivyohofia mchangiaji wa tatu.

Lipo pia jambo moja dogo la kikazi. Katika majira ya baridi saa za Perth ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Mechi ikianza kule saa moja na nusu usiku, huku itakuwa saa tatu na nusu, na katika nyumba nyingi za wazee wakati huo dawa zimeshatolewa na taa za ukumbi zimezimwa. Nimeshamuuliza msimamizi wangu kama usiku wa mechi tunaweza kuchelewesha kuzima taa. Amesema tumkumbushe mwaka 2027 ukifika. Wazee wawili wameniambia niliandike mahali, nami nimeliandika.