Faili za watumiaji zinazobaki kwenye kompyuta za maktaba: tuzisimamieje?

Mtunza_Maktaba (Moshi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia kompyuta chache za matumizi ya umma katika maktaba ndogo hapa Moshi, na wanaozitumia zaidi ni wanachuo, waombaji wa mikopo ya elimu ya juu na vijana wanaotafuta ajira. Folda ya vipakuliwa imegeuka jalala. Ukiifungua jioni unakuta “cheti.pdf”, “cheti (1).pdf”, hadi “cheti (7).pdf”, pamoja na nakala za vitambulisho vya taifa na barua za wadhamini. Juzi kijana mmoja alifungua isiyo yake, akaiambatisha kwenye maombi yake, na ni bahati tu kwamba aliliona jina la mtu mwingine kabla ya kutuma. Tangazo la kuwaomba watu wafute faili zao lipo ukutani na hakuna anayelisoma.

Jambo la pili linanitatiza zaidi: wengi wanaapa kwamba hawakupakua chochote, walisoma tu, lakini faili zipo. Ninaomba ushauri wa kulisimamia hili bila kuzuia upakuaji, kwa sababu mtu aliyeteremka kutoka Kibosho kufuata fomu hawezi kuambiwa aisome kwenye kioo kisha arudi mikono mitupu.

Fundi_Sakina (Arusha)

Wanaoapa huenda wanasema kweli. Kivinjari cha Chrome hufungua PDF ndani yake bila kuiweka kwenye folda ya vipakuliwa, isipokuwa tovuti yenyewe imeagiza faili ishuke, au mtu ameingia kwenye mipangilio akachagua PDF zipakuliwe badala ya kufunguliwa. Angalia hapo kwanza. Kivinjari cha Firefox kina tabia nyingine: tangu toleo la 98, lililotoka Machi 2022, hata faili ambayo mtu ameagiza ifunguliwe tu kwa programu nyingine huhifadhiwa kwenye folda ya vipakuliwa, wakati zamani ilikwenda kwenye folda ya muda. Ukitaka utaratibu wa zamani, andika about:config kwenye sehemu ya anwani, utafute browser.download.start_downloads_in_tmp_dir na uiwashe. Faili za Word kwa kawaida hushuka kwanza ndipo zifunguke, kwa hiyo hizo utaendelea kuziona.

Wapo watakaokushauri uwaelekeze watu watumie hali fiche (incognito) ya kivinjari. Hiyo hufuta historia na vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) dirisha likifungwa, lakini faili iliyopakuliwa hubaki palepale ilipo. Nayo huduma ya Windows ya kusafisha diski yenyewe inaweza kufuta vipakuliwa, ila muda mfupi kabisa inaokubali ni siku moja, na katika siku moja kiti kimoja kinakaliwa na watu wengi.

Dawa ni kila mtu kuingia kwa akaunti ya mgeni inayofutwa pamoja na folda zake zote anapotoka. Windows za daraja la Pro na Education zina mpangilio wa kompyuta ya pamoja unaofanya hivyo. Tena uwashe kipengele cha kivinjari kuuliza mahali pa kuhifadhi kila faili, ili mwenye flashi aielekeze huko moja kwa moja.

Karani_Kaloleni (Arusha)

Sisi kwenye steshenari tunatumia Deep Freeze, programu ya “kugandisha” diski, ambayo huirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Inasafisha vizuri mno, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu haitofautishi kati ya mteja aliyeondoka na umeme uliokatika. Mwanafunzi anaandika ripoti ya mazoezi kwa vitendo, taa zinazimika, zinarudi, na ripoti haipo tena. Kama utafuata njia hii, tenga sehemu ya diski isiyogandishwa kwa kazi zinazoendelea, uisafishe mwenyewe wakati wa kufunga, na kila mashine iwe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hata ndogo, ya kumpa mtu dakika za kuhamishia kazi yake kwenye flashi. Kumbuka pia kuigandua kompyuta kwa ratiba, la sivyo masasisho ya usalama nayo yatafutika kila asubuhi.

Usisahau printa. Mtu akituma cheti wakati karatasi zimekwisha, kazi yake husubiri kwenye foleni hata baada ya yeye kuondoka, na siku inayofuata ukijaza karatasi cheti kinatoka mbele ya wageni. Safisha foleni kila jioni, kisha uhakikishe kwamba kile kipengele cha kutunza nyaraka zilizokwisha kuchapishwa kimezimwa. Kwa vile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, mimi nisingependa kuwa mtu wa kueleza kwa nini kitambulisho cha mteja kilikaa kwenye mashine yangu mwezi mzima.

Mtunza_Maktaba (Moshi)

Nawashukuru nyote wawili. Kwa maelezo ya umeme, nimeona akaunti ya mgeni inatufaa kuliko kugandisha. Kikwazo kilichobaki ni mashine mbili za zamani: zina Windows 10 ya daraja la Home, na haziwezi kupokea Windows 11.

Fundi_Sakina (Arusha)

Daraja la Home halina mpangilio huo, na Windows 10 yenyewe iliisha muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nisingehangaika nazo. Weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, nenda kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, ruhusu vipindi vya wageni. Folda ya mgeni huundwa anapoingia na kufutwa anapotoka. Jaribu kwanza printa yako kwenye mashine moja kabla ya kubadilisha ya pili, kwani baadhi ya printa za zamani husumbua upande wa Linux.