Mtu mzima kushona na kuvaa kosplei hapa Tabora: aruhusiwe hadharani au abaki nayo chumbani? Tujadili

Mleta mada, Tabora mjini

Mwangaluka wadau. Jumamosi iliyopita kulikuwa na sherehe ya wazi hapa mjini, kiingilio buku mbili, yeyote anaingia. Tumefika watatu, mimi, mdogo wangu na rafiki yetu fundi viatu, tumevaa mavazi yetu ya kosplei, tiketi tumekata, mlinzi wa getini akasema hayo mavazi hayaingii, mnatisha watoto. Na anasema hivyo huku watoto kama kumi wametuzunguka, wananigongagonga deraya, lile vazi la kivita, kifuani wanauliza dada hiki ni chuma kweli? Tukarudi nyumbani kwa bodaboda, kofia nimeipakata mapajani njia nzima. Nilipoandika kwenye grupu la mtaa ndo nikajua mlinzi hakuwa peke yake, wiki nzima watu wanabishana, mmoja anasema ni kukosa kazi, mwingine ni kuiga Wajapani, mwingine kaenda mbali hadi kwenye majini. Nikaona nilete huku uwanja mpana. Je, mtu mzima anayetengeneza na kuvaa mavazi haya aruhusiwe kwenye sherehe na maonesho ya wazi kama wanavyoruhusiwa wachekeshaji na wacheza ngoma, au abaki nayo chumbani?

Kwa asiyejua, kosplei ni kutengeneza vazi la mhusika wa katuni, gemu au hadithi, kisha ukalivaa na kusimama kama yeye. Jina wamelipa Wajapani, walichukua maneno mawili ya Kiingereza, la vazi na la mchezo, wakayakata wakayaunga, na kule Nagoya wana mashindano ya kimataifa tangu 2003. Lakini kitendo chenyewe kina umri kuliko jina. 1939 New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, Forrest Ackerman alitinga na vazi la mtu wa karne zijazo, na hadi leo anatajwa yeye zaidi, wakati aliyeshona ni Myrtle Douglas, kashona lake na la mwenzake wakavaa wote wawili. Mimi namkumbuka sana yule mama nikikaa kwenye cherehani, maana fundi huwa anasahaulika.

Nina miaka 34, ni fundi cherehani, na kosplei huu ni mwaka wa tisa. Hii deraya iliyokataliwa getini imenila miezi minne ya jioni baada ya kufunga kibanda. Watu wanadhani nimeagiza nje. Ni mikeka ile ya sponji ya watoto kuchezea, miwili, malighafi yake inaitwa EVA na ndo hiyohiyo ya malapa mnayovaa kwenda bafuni. Unajizungushia nailoni mwilini, unabandika selotepu juu yake hadi unakuwa kama mzigo wa basi, mdogo wako anakuchora mistari kwa maka peni, anakukata taratibu mgongoni asikuguse ngozi, ile ganda inayobaki ndo paterni yako. Unakata kwa wembe mpya, ukiwa butu sponji inachanika kama mkate. Ukiipasha moto inalegea, unaikunjia kwenye sufuria, ikipoa inabaki na umbo la sufuria, mabega yangu yote mawili yametokea kwenye sufuria moja ya wali. Halafu gundi ya viatu, hapo rafiki yangu ndo mwalimu: unapaka pande zote mbili, unasubiri kama dakika kumi mpaka ukigusa kidole hakinasi, ndo unakutanisha, na ukikosea hakuna kurudia. Na ufanyie nje, ile harufu inapanda kichwani vibaya. Juu yake gundi nyeupe ya mbao tabaka nne au tano, bila hivyo rangi inapasuka ukikunja tu mkono. Na Oktoba ya Tabora mnaijua, mwaka wa kwanza nilianika juani ili rangi ikauke haraka, narudi mabega yameachia yote, gundi imelainika kama asali. Tangu siku hiyo naanika chini ya mwembe.

Sasa mtu akiniambia hii ni kukosa kazi naomba anieleze kazi ni nini.

Mchangiaji wa 1, Isevya

Dada pole kwa yaliyokukuta ila tuambiane ukweli, hiyo miezi minne ungeshona sare za shule ngapi? Una miaka 34, pengine una watoto, hela ya mikeka na rangi ni hela ya daftari. Mimi sina shida na watoto wa sekondari wakicheza hivyo, watakua wataacha. Wewe mwaka wa tisa huu hujaacha. Na hata ukiingia kwenye hiyo sherehe utapata nini? Picha na simu za watu.

Mleta mada

Ndugu yangu sare nashona, Desemba na Januari hata kulala silali, na hizo jioni nilizosema ni baada ya kibanda kufungwa. Hesabu nakupa: deraya nzima na kofia imekula 46,000 kwa miezi minne, chini ya elfu kumi na mbili kwa mwezi. Kuna wanaume mtaani kwetu hiyo ni wikiendi moja ya kubeti na hakuna aliyewafungulia mada. Lakini hata bila hesabu, kwa nini cha kupumzikia cha mwanamke lazima kilete hela ndo kiheshimiwe? Nyie mnacheza bao chini ya mwembe toka saa kumi hadi giza, nani amewauliza mnapata nini?

Na kingine hujakijua, kosplei ndo imenifanya fundi. Nilikuwa nashona magauni kwa kukadiria tu, shepu nikiipata sawa nisipoipata mteja anaambiwa ni fasheni. Vazi la katuni halikadiriwi, mkono umechorwa una pembe pale, lazima uwe na pembe pale. Kola ngumu, koti la bitana, zipu ya kuficha, vyote nimevijua kwa kutafuta vazi lifanane na mchoro. Sasa hivi wateja wangu wa suti za harusi wananifuata kwa ajili ya kola. Hata nywele, ile wigi ya bluu watu wanauliza nimetoa wapi, ni rasta za kawaida za kusukia, nimezishonea kwenye kepu mstari kwa mstari, ncha nikachovya maji ya moto zikalala ninavyotaka, kazi ile ile dada zetu wa saluni wanaifanya kila siku.

Mchangiaji wa 2, Urambo

Mimi ni mtu mzima, 61. Nimesoma yote na ufundi wako nimeuelewa binti yangu, swali langu ni moja, Wajapani wa nini? Hapa nilipo ni mji wa mtemi Mirambo, kafa 1884 na hadi leo jina la Urambo hii limetokana na lake. Huko Tabora mna mtemi Isike, Januari 1893 Wajerumani wamevunja boma lake, akaona heri ailipue baruti yake kuliko kukamatwa. Rugaruga, wapiganaji wa enzi hizo, walikuwa na mavazi, manyoya kichwani, vitambaa vyekundu, unawaona adui anakimbia kabla ya vita. Vijana hawa hawavai hayo, wanavaa nywele za bluu. Hapo ndo panaponiuma, sio kwenye mapambo.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kunisoma mpaka mwisho, na hilo la Isike umenigusa kwa sababu nilishawahi kulifikiria. Naomba nikujibu kwa mambo mawili.

La kwanza, kuvaa vazi la mgeni kwa mchezo sisi hatujaanza leo. Ngoma ya beni iliyoanzia pwani miaka ya 1890, ikaingia bara na askari na wapagazi wa vita kuu ya kwanza, ilikuwa nini? Vikundi vyake, Marini na Arinoti, watu wazima wenye wake na watoto, wanashona sare za maofisa wa Kizungu, wanapeana vyeo, admeli huyu, jenerali yule, ngoma na tarumbeta, wanagombania nani kapendeza. Wale hawakuwa wamepotea, walichukua nguo ya mkubwa wakaigeuza ya kwao, na hadi serikali ya Mwingereza iliingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo mzee ukiniambia hili ni geni nitasema jina ni geni, shughuli tunaijua, mababu zetu waliifanya vizuri kutushinda sisi.

La pili, kuhusu Mirambo. Mhusika wa katuni hana ukoo. Nikikosea vazi lake hakuna kaburi la kwenda kuomba radhi. Mirambo na Isike wana watu wao, wana wajukuu na vitukuu, kila shanga ina maana yake na kuna vitu havivaliwi na mtu kama mimi, fundi cherehani niliyejiamulia tu. Sisemi sitaki. Nasema hilo vazi siwezi kulishona kwa kutazama picha kwenye simu, nahitaji mtu wa kukaa naye aniambie hiki vaa, hiki acha. Ungekuwa karibu ningekuja kukuuliza, na kama unaniruhusu nitakuja.

Mchangiaji wa 3, Kigoma mjini

Mimi niko upande wa mlinzi na sioni haya kusema. Wewe dada ni mstaarabu lakini ukifungua mlango hawaingii wastaarabu peke yao. Mtu kafunika uso mzima, kabeba upanga, mlinzi atajuaje ni sponji? Kigoma hapa tuko mpakani, mlinzi akilegea kazi hana. Halafu hao wahusika wengine wa kike wa hizo katuni wanavaa nini jamani, tuseme ukweli, sherehe ya familia baba amekuja na mabinti zake. Na nimewaona vijana wanavaa kombati kabisa wanasema ni ya gemu. Hapo napo ni ufundi?

Mleta mada

Kaka yangu hapa umeongea vya maana kuliko grupu letu zima la mtaa, na mawili nakupa bila kubishana.

Kombati hapana. 2023 JWTZ ilitoa siku saba raia wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, sheria ipo, na mtu akivaa mabaka halafu akasema ni gemu anatuharibia wote. Sisi watatu hatushoni kitu chenye mabaka hata mteja alipe mara mbili. Uso pia nakubali, getini kofia inavuliwa, mlinzi anaona sura, anashika upanga kwa mkono wake aone unapinda kama lapa, ndo unapita. Mimi siku ile kofia nilikuwa nimeshaivua kabla sijaulizwa.

La nguo za kubana nakataa, sio kwamba hazipo, ila hizo hizo zinapanda jukwaani kila sherehe na wacheza shoo na baba na mabinti zake wanapiga makofi. Kama kuna kipimo cha heshima kiwe kimoja kwa wote. Deraya yangu mimi inanifunika shingo hadi magoti, kwa kipimo chochote ningepita, nikazuiwa kwa sababu haijazoeleka tu. Kutozoeleka sio kosa. Hicho ndo ninachokibishania hapa, mengine yote tunaweza kuelewana.

Mchangiaji wa 1, Isevya

Hela ya kubeti umenipiga pazuri sitarudi huko. Ila bado nasema umri. Mwanangu ana miaka 13, akikuona ataniambia mama fulani anavaa katuni na mimi nataka. Nitamjibu nini?

Mleta mada

Mwambie aje na wembe mpya na lapa bovu, nitamuanzisha kwenye kisanduku cha kalamu kwanza, deraya baadaye. Hilo nalisema kwa dhati, Jumamosi mchana huwa nina nafasi.

Na kwa wote, leo asubuhi nimepeleka barua kwa waandaaji wa ile sherehe, nimewaandikia hayo hayo niliyomjibu kaka wa Kigoma, kofia mkononi, upanga ukaguliwe, hakuna mabaka, nikaambatanisha picha za deraya ndani na nje waone mishono. Wamepokea, wamegonga muhuri, wamesema nirudi wiki ijayo. Kaka wa Kigoma, wewe ungekuwa umeshika ile barua ungeandika nini pembeni yake?